Lisbon, Athens au Tallinn: uko peke yako na laptopu, uende wapi?

Kazi ipo, klayenti hajali umekaa wapi ilimradi dedlaini inafika, hela inaingia, na sasa unataka ukakae miezi kadhaa kwenye mji mkuu wa zamani huko Ulaya, ufanye kazi na uuone mji. Peke yako. Ukiuliza watu wanakutumia picha: tramu ya njano inapanda mlima, mawe ya Acropolis, kile kilima cha magofu ya kale Athens, minara yenye paa jekundu. Picha zote nzuri, ila hazikusaidii kuchagua, maana wewe hutakuwa mtalii. Mtalii ana siku nzima mkononi. Wewe una yale masaa yanayobaki ukishafunga laptopu, na kama mji umelala au makumbusho yamefungwa muda huo, basi umelipa kodi ya nyumba ya Ulaya ili uangalie ukuta wa chumba.

Kwahiyo hapa nawekea mezani miji mitatu ambayo yote ina viza ya watu wa kazi za mtandaoni, yote ni mikuu, yote ina historia ya kutosha: Lisbon ya Ureno, Athens ya Ugiriki, na Tallinn ya Estonia. Vigezo ninavyotumia ni hivi: saa za kazi zinakuachia nini cha kuona, viza inataka kipato gani, nyumba na intaneti vikoje, miguu yako itateseka kiasi gani, maisha ya mtu mmoja yanakuwaje, alafu kidogo kuhusu chakula na ibada. Kigezo cha kwanza nimekipa nafasi kubwa kuliko vingine na nitaeleza kwanini.

Saa: hapa ndo pa kuanzia

Afrika Mashariki hatubadilishi saa, wenzetu wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Lisbon iko nyuma yetu kwa masaa matatu winta na mawili kiangazi. Athens na Tallinn zinatumia saa ileile moja, winta ziko nyuma yetu kwa saa moja tu, na kiangazi tunalingana kabisa, yaani saa ya Nairobi na Dar ndo saa ya Athens.

Sasa chukua mtu ambaye bosi wake yuko Nairobi, kazi ni saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Akiwa Lisbon kiangazi anaanza saa kumi na mbili asubuhi na kumaliza saa tisa alasiri, na jua linazama kwenye saa tatu usiku, yaani ana masaa sita ya mwanga kila siku ya kazi. Winta anaanza saa kumi na moja alfajiri, hiyo inauma kidogo, lakini saa nane mchana yuko huru na bado ana masaa matatu kabla giza halijaingia. Kwa mtu wa aina hii Lisbon inalipa sana, sioni mji mwingine kati ya hii mitatu unaomkaribia. Unamaliza kazi, unapanda tramu namba 15 mpaka Belém, unaingia kanisa la Jerónimos ambalo ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1500, na pale mlangoni ndani unakutana na kaburi la Vasco da Gama, yule yule aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Kwa mtu wa pwani yetu kusimama pale ni jambo zito kidogo, tumesoma shuleni jinsi alivyokuja, sasa unaona jiwe lenyewe limechongwa kwa heshima zote, sanamu yake imelala mikono imekutanishwa kama mtu anayesali. Unaweza ukakaa pale ukafikiria mengi kuhusu Fort Jesus. Ila Jumatatu pamefungwa, usijisumbue.

Huyu huyu mtu wa Nairobi akiwa Athens kiangazi anamaliza saa kumi na moja jioni, na hapo watu wengi wanadhani amekosa, kumbe ndo muda wenyewe. Acropolis kiangazi inafungwa saa mbili usiku, joto la mchana limeshapungua, na mawimbi ya joto yakiwa makali Julai serikali yenyewe inafunga kilima mchana, imefanya hivyo mwaka 2023, 2024 na 2025. Kwahiyo mtalii aliyepanga kupanda saa saba mchana anarudishwa, wewe uliyekuwa kazini unapanda saa kumi na mbili jioni na upepo. Tiketi ni euro 30 tangu Aprili 2025 na unachagua saa ya kuingia kabisa, kwa siku wanaruhusu watu 20,000, kwahiyo usiende kununua getini. Winta sehemu nyingi zinafungwa mapema, mtu anayemaliza kazi saa kumi alasiri hataona magofu siku za kazi, itabidi asubiri wikiendi. Habari njema ni kwamba Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kuanzia Novemba mpaka Machi maeneo ya kale ya serikali ni bure.

Tallinn sasa. Hapa kuna miji miwili kwenye mji mmoja. Mwezi wa sita jua linazama kwenye saa nne na nusu usiku na zaidi, ukifunga laptopu saa kumi na moja una mwanga mpaka uchoke mwenyewe. Tena kuna kitu kingine: kiangazi meli za kitalii zinashusha watu asubuhi, Mji Mkongwe unajaa wale wa kufuata bendera ya mwongoza watalii, ila jioni meli zinaondoka nao. Unabaki na uchochoro wa Katariina karibu wote wako, unapanda kilima cha Toompea unasimama pale Kohtuotsa unaangalia mapaa mekundu na bahari nyuma yake. Desemba ni hadithi nyingine. Jua linachomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa na dakika ishirini hivi alasiri, na hata hilo jua lenyewe ni mawingu. Mtu wa saa za Nairobi anaanza kazi gizani anamaliza gizani, siku tano mfululizo. Wapo wanaopenda, soko la Krismasi linakuwa pale uwanja wa jumba la mji na theluji ikianguka ni pazuri kweli, ila wewe jijue.

Kama klayenti wako yuko London, saa tatu mpaka saa kumi na moja za kwao, Lisbon mnalingana, ni maisha ya ofisi ya kawaida na unaona mji jioni. Athens na Tallinn kazi inakuwa saa tano asubuhi mpaka saa moja jioni, na hii kwa Athens ni dhahabu: saa mbili asubuhi mageti yanapofunguliwa uko pale, saa nne na nusu umesharudi, umeoga, umefungua laptopu. Klayenti wa New York anakupa Lisbon saa nane mchana mpaka saa nne usiku, Athens na Tallinn saa kumi jioni mpaka saa sita usiku. Asubuhi yote yako. Tofauti ni kwamba Athens ukimaliza saa sita usiku bado watu wako nje wanakula, wenzetu wale wanakaa mezani mpaka usiku mwingi, Tallinn ukitoka muda huo utakutana na paka, na Lisbon ukimaliza saa nne bado unapata pa kula bila kukimbia.

Viza na kipato

Zote tatu ni Schengen, yaani lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na viza ya kawaida ya siku 90 ni ya utalii, kufanya kazi nayo ni kujiweka kwenye eneo la utata, ndo maana hizi nchi zikaanzisha viza maalum.

Estonia ndo walitangulia, 2020, na ndo wanaotaka mpunga mkubwa: euro 4,500 kwa mwezi kabla ya kodi, na unakaa mpaka mwaka mmoja. Ugiriki walipitisha sheria yao 2021, wanataka euro 3,500 kwa mwezi baada ya kodi, viza ni miezi 12. Ureno walianza Oktoba 2022, wenyewe wanaiita D8, kigezo ni mara nne ya kima cha chini cha mshahara wao, kwahiyo kinapanda kila kima kinapopanda. Mwaka 2025 kima kilikuwa euro 870, ukizidisha unapata 3,480. Ureno wana njia mbili, ya muda mfupi usiozidi mwaka, na ya kuelekea ukazi ambapo ukifika unashughulikia kibali na ofisi yao ya uhamiaji inayoitwa AIMA, na hapo uwe na subira ya kutosha maana foleni zake zimekuwa habari ya gazeti miaka yote hii.

Kwa kifupi, kama stetimenti yako ya benki inaonyesha hela zinaingia kwa vipande vipande, mara M-Pesa mara PayPal mara mwezi mmoja hamna, hakuna kati yao atakayekuhurumia. Mkataba ulioandikwa na miezi kadhaa ya hela inayoingia kwa mpangilio, hivo ndo vinaongea. Na angalia kiwango kipya kwenye tovuti ya ubalozi kabla hujalipia chochote.

Kuna watu wanachanganya hii viza na ile i-residensi ya Estonia ya tangu 2014. Ile ni kitambulisho cha kidijitali cha kufungulia na kuendeshea kampuni ukiwa popote, hata Kariakoo. Haikupi ruhusa ya kuingia wala kukaa.

Nyumba na intaneti

Lisbon ni ghali, tuseme tu. Chumba cha kujitegemea katikati kinaweza kukula zaidi ya euro elfu moja kwa mwezi na bado ukakuta kiko ghorofa ya nne bila lifti. Wenyeji wenyewe wanalia na wameandamana kuhusu kodi, na sehemu ya lawama inaangukia watu kama wewe wenye laptopu, hilo ujue ukienda. Ila kitu ambacho matangazo hayasemi ni baridi ya ndani. Nje Januari sio baridi ya kutisha, lakini nyumba nyingi za zamani hazina mfumo wa kupasha joto, kuta zinashika unyevu, nguo kabatini zinanuka ukungu, na unakuta mtu anafanya kazi kavaa koti ndani ya nyumba huku nje jua linawaka. Uliza hita kabla ya kuuliza mandhari. Intaneti haina shida, faiba imefika karibu kila mahali mjini. Kwa kukaa na laptopu kafe nyingi wikiendi hawataki, ila kuna maktaba ya manispaa pale Galveias karibu na Campo Pequeno, ni kasri la zamani lenye bustani, hulipi kitu.

Athens kodi kwa ujumla ni nafuu kuliko Lisbon ingawa inapanda, na serikali ilisimamisha usajili mpya wa nyumba za kupangisha watalii katikati ya mji kuanzia 2025. Utakaa kwenye yale maghorofa ya baraza ndefu, na baraza hiyo ndo itakuwa sebule yako. Shida ni intaneti ya majengo ya zamani, mengine bado yanatumia nyaya za simu za shaba, kwahiyo mwambie mwenye nyumba apime spidi akutumie skrinshoti kabla hujalipa, akizunguka zunguka tafuta nyingine. Na kingine wageni wanashangaa: karatasi ya chooni haitupwi chooni, kuna ndoo pembeni, mabomba ni membamba. Sehemu ya kufanyia kazi bure ipo ya uhakika, ni Maktaba ya Taifa iliyo ndani ya kituo cha Stavros Niarchos kule Kallithea, jengo la msanifu Renzo Piano, kubwa, lina hewa, juu unaona bahari upande mmoja na Acropolis upande mwingine.

Tallinn nyumba zina joto. Hata nje kukiwa na barafu ndani unavaa fulana. Bili za joto winta ni za kwako juu ya kodi mara nyingi, kwahiyo ukiona tangazo uliza kama zimo. Intaneti ndo kwao, ni nchi ambayo karibu kila kitu cha serikali kinafanyika mtandaoni na waifai utaikuta mpaka sehemu hukutarajia. Kalamaja na Telliskivi ndo mitaa ya watu wa laptopu, nyumba za mbao na viwanda vya zamani vilivyogeuzwa ofisi na kafe. Usikae ndani kabisa ya Mji Mkongwe kama bajeti ni ndogo, ni dakika chache tu kwa mguu kutoka Kalamaja.

Miguu na usafiri

Lisbon ni milima na mawe madogo meupe yanayoteleza yakilowa, viatu vya soli laini acha nyumbani. Hiyo mitaa iliyonyooka ya Baixa unayoipenda kwenye picha ilijengwa upya baada ya tetemeko la 1 Novemba 1755 lililoangusha mji, kisha bahari ikapanda na moto ukamalizia, na waziri aliyesimamia ujenzi alikuwa Marquês de Pombal. Alfama, mtaa wa zamani, yenyewe ilisimama sehemu kubwa, ndo maana bado ina vichochoro vya kupotea. Ukitaka kuliona tetemeko kwa macho nenda pale Carmo, kanisa halina paa mpaka leo, matao yamebaki hewani. Pasi ya mwezi ya Navegante ni euro 30 kwa ndani ya mji na 40 kwa eneo zima, na hii ya 40 nunua tu, inakufikisha Sintra na Cascais kwa treni na inakuvusha mto kwa feri mpaka Cacilhas. Tramu 28 ni nzuri ila ina wezi wa mfukoni wa kimataifa, panda asubuhi sana kutokea upande wa Campo de Ourique, utapata kiti na hutabanwa.

Athens mji wenyewe ni tambarare kiasi kati ya vilima, tatizo ni njia za waenda kwa miguu: zimepasuka, pikipiki zimepaki juu yake, mti wa mchungwa umesimama katikati. Lakini ile barabara ya Dionysiou Areopagitou chini ya Acropolis haina magari kabisa, unatembea jioni wanamuziki wamejipanga, unapanda mwamba wa Areopago bure, ule ule wa mtume Paulo kwenye Matendo 17, na kilima cha Filopappou pia bure. Metro ni safi na ina mambo yake, kituo cha Syntagma wameacha ukutani tabaka za udongo zenye makaburi na mabomba ya maji ya kale walizokuta wakichimba. Tiketi ya dakika 90 ni euro 1.20, ya uwanja wa ndege 9. Ila kuna migomo, neno la kujifunza mapema ni apergia, ukilisikia kwa jirani ujue kesho unatembea.

Tallinn ndogo, ukutani mpaka ukutani unamaliza kwa nusu saa, na karibu kilomita mbili za ule ukuta wa zamani bado zimesimama na minara yake. Duka la dawa pale uwanjani, Raeapteek, linatajwa kwenye kumbukumbu tangu 1422 na bado linauza dawa. Mtu wa haraka anasema anamaliza mji kwa siku mbili. Anayekaa miezi anaingia kwenye tabaka la pili: ghorofa ya 23 ya Hoteli Viru ambako KGB, majasusi wa Kisovieti, walikuwa na chumba chao cha kusikiliza wageni, na lile zege kubwa la Linnahall lililojengwa kwa ajili ya mashindano ya mashua ya Olimpiki ya 1980. Wakazi waliosajiliwa wanapanda basi na tramu bure tangu 2013, wewe mgeni utalipa. Ile Bolt unayoitia gari Dar na Nairobi ilizaliwa hapa hapa mwaka 2013, kwahiyo apu unayo tayari. Winta unatakiwa kisheria kuvaa kiakisi-mwanga ukitembea gizani, kale kadude ka kuning'iniza kwenye koti, kanauzwa kila duka.

Kuwa peke yako

Lisbon mtu mweusi hashangazi mtu. Kuna Wacape Verde, Waangola, Waguinea, Wamsumbiji, vizazi na vizazi. Nenda Largo de São Domingos pale nyuma ya Rossio, jioni wazee wa Guinea wamekaa vikundi vikundi wanapiga stori, akina mama wanauza njugu na kola, na kanisa lililo pembeni liliungua 1959 na nguzo zake bado zina makovu ya moto. Ni sehemu unayoweza kukaa saa nzima bila kununua chochote na usijisikie mgeni. Vijana watakaokunong'oneza bangi kule Baixa wapite tu, mara nyingi hata sio bangi. Shida ya Lisbon kwa mpweke ni kwamba wenye laptopu ni wengi mno, unaweza kukaa miezi mitatu ukajua Wajerumani na Wamarekani wa ofisi za kushea na usijue Mreno hata mmoja.

Athens wanaongea. Mwenye kibanda cha magazeti akishakuona mara kadhaa anakusalimia, jirani anakuuliza umetoka wapi, unalipwa ngapi, kwanini hujaoa. Kypseli ndo mtaa wenye Waafrika wengi, na Giannis Antetokounmpo, yule mcheza kikapu wa NBA, kakulia mtaa wa Sepolia, wazazi wake Wanigeria, uwanja aliokuwa anachezea upo na watu wanaenda kupiga picha. Kwa dada anayetembea usiku peke yake mitaa ya Koukaki na Pangrati ina watu nje mpaka usiku, vichochoro vya pembeni ya Omonia saa hizo ningeviacha. Metro kati ya Omonia na Monastiraki shika simu yako. Na tarehe 17 Novemba, kumbukumbu ya maandamano ya wanafunzi ya 1973, usipange kupita mtaa wa Exarchia jioni labda uwe unapenda harufu ya moshi wa mabomu ya machozi.

Tallinn utatembea saa nane usiku na hakuna atakayekugusa, wala atakayekusalimia. Sio ubaya, ndo walivyo, hata wenyewe kwa wenyewe basi likifika kila mtu anaacha nafasi. Weusi ni wachache, utaangaliwa. Urafiki unakuja polepole na mara nyingi unaanzia sauna au kwenye darasa la kitu fulani, kwahiyo ukifika jiandikishe kitu wiki ya kwanza. Kwa mtu anayetaka kumaliza mradi mkubwa bila kelele hii ni neema. Kwa mtu anayeishi kwa stori na watu, Januari itamkaba.

Tumbo na ibada, haraka haraka

Lisbon mchana tafuta ubao ulioandikwa prato do dia, yaani chakula cha siku. Mikate na zeituni vinavyoletwa mezani bila kuagiza vinalipiwa, rudisha kama hutaki. Cachupa ya Wacape Verde ni makande yaliyopata nyama, utajisikia nyumbani. Halali ni rahisi, mitaa ya Martim Moniz imejaa Wabangladeshi, na msikiti mkuu upo tangu 1985. Athens chakula cha mtaani ni bora ila suvlaki, mishikaki yao, ya kawaida ni nguruwe, sema kotopoulo upewe kuku, na kila mtaa una siku yake ya gulio la mboga. Msikiti wa kwanza rasmi wa enzi hizi ulifunguliwa Votanikos Novemba 2020, hauna mnara, ukiupita huwezi kujua. Tallinn mchana siku za kazi kuna päevapraad, chakula cha siku kwa bei ndogo, mkate wao mweusi mzuri sana, ila pilipili jibebee mwenyewe.

Sasa wewe ni yupi?

Kama saa zako ni za Nairobi, Dar au Kampala na unataka kuona mji kila siku, Lisbon inakupa alasiri ambazo wengine hawana, ukiweza kodi na ukipata nyumba yenye hita. Ni mji pia wa anayetoka nje ya Afrika mara ya kwanza na hataki kuwa mweusi pekee kwenye basi.

Kama unafanya na London au Marekani, wewe sio mtu wa kulala mapema na bajeti inabana, Athens inakubali ratiba yako kuliko hizo nyingine. Nenda Oktoba, Novemba, au Machi mpaka Mei. Agosti waachie wenyewe, wenyeji nao wanakimbilia visiwani.

Kama una kampuni ndogo, kipato kikubwa kilichonyooka kwenye karatasi, na unataka utulivu, Tallinn kuanzia Mei mpaka Septemba, na feri ya Helsinki ni masaa mawili ukichoka. Winta nenda kama umeshawahi kukaa sehemu ya giza ukajijua, au kama una kitu cha kuandika au programu ya kutengeneza ambayo haitaki usumbufu.

Kama stetimenti yako haifiki hata kiwango cha chini kabisa kati ya hizo nchi tatu, usikope hela ya kuionyesha benki. Chukua likizo ya kweli ya wiki mbili kwa viza ya kawaida, laptopu ibaki nyumbani, na hapo uchague kwa picha kama watalii wengine.

Na kwa anayewaza kugawa, kiangazi Tallinn kisha vuli Athens kwa viza ya siku 90: siku zinahesabiwa kwa pamoja Schengen nzima, 90 ndani ya kila 180, kuhama nchi hakuanzishi hesabu upya. Mwenye viza ndefu ya nchi moja ndo anaweza kuzitumia hizo 90 kutembelea nyingine huku makazi yake yakibaki kule iliyomtolea.